Nyumba za Makabaila Zilizozungukwa na Maji Uingereza: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Naishi mashariki mwa Uingereza. Jumapili wenzangu wakienda mpirani, mimi huvaa mabuti ya mpira nikaenda mashambani kutazama mahandaki ya karne ya 13. Nikituma picha kwenye kundi la ukoo, maswali yanayorudi huwa yaleyale, na shangazi yangu ameshauliza lile la mamba mara tatu. Nimeona niyajibu yote mahali pamoja.

Tunazungumzia kitu gani hasa?

Chukua kipande cha ardhi tambarare, ukubwa wa nusu uwanja wa mpira au pungufu. Kizungushie handaki pande zote nne, upana mita 6 hadi 12, ulijaze maji. Udongo unaotoka handakini umwage katikati, ili pale pa kujengea painuke kidogo kuliko shamba la jirani. Juu yake weka nyumba ya mwenye ardhi: ukumbi mkubwa wa kulia na kusikiliza kesi, vyumba vya kulala, jiko lililojitenga kwa kuogopa moto, ghala, zizi la farasi, pengine na kanisa dogo la nyumbani. Acha mlango mmoja tu, nao uwe na daraja. Hapo umepata nyumba ya kikabaila ya Zama za Kati. Wanaakiolojia huita sehemu ya katikati kisiwa, hata kama maji yalishakauka tangu enzi za mababu.

Uingereza ina mahandaki ya namna hii takriban 6,000 yanayojulikana. Mengi yalichimbwa kati ya 1250 na 1350, yaani ndani ya miaka mia moja tu. Usifikirie majumba 6,000 ya kifahari. Sehemu kubwa ya mahandaki haya leo ni mabonde ya nyasi katikati ya shamba la ngano, ng'ombe wanashuka na kupanda, na nyumba yenyewe haina hata tofali moja lililobaki.

Kwani hizi si ngome?

Si ngome, ingawa mpaka kati ya ngome na nyumba hauko wazi na wataalamu wenyewe wanaubishania. Ngome halisi ina kuta nene za mawe, minara, matundu ya kurushia mishale, na askari wanaolishwa kwa kazi hiyo. Aliyefika Fort Jesus, Mombasa, ameliona handaki la vita: limechongwa kwenye mwamba wa matumbawe, halina maji, na ukisimama chini yake unajua fika kwamba aliye juu anakuona na wewe huna pa kujificha.

Sasa nenda Lower Brockhampton, katika kaunti ya Herefordshire. Handaki ni la wastani, maji yametulia, na lango lililokaa juu ya maji ni kijumba cha ghorofa moja cha mbao na lipu, kimeinama kama mzee aliyeegemea mkongojo. Kijumba hicho ni cha karne ya 16 na nyumba iliyo nyuma yake ni ya mwishoni mwa karne ya 14. Watu watatu wenye mashoka wangekimaliza kabla chai haijapoa. Aliyekijenga hakuwa anangoja jeshi.

Hata Bodiam, ngome ya mawe kule Sussex iliyopewa kibali cha mfalme mwaka 1385 kwa hoja ya kuwazuia Wafaransa, ina mabishano yake. Wapo wanaoona kwamba lile handaki lake pana kama ziwa ni kioo: mgeni akifika aione ngome mara mbili, moja juu na moja majini. Mimi nimesimama pale asubuhi isiyo na upepo, na niko upande wao.

Kwa nini unasema "handaki"? Mimi nikisikia handaki nafikiria vita.

Na hukosei. Neno tumelipata kwa Waarabu, nao walilitoa kwa Waajemi, kwenye kitenzi cha kuchimba. Wengi walilisikia kwanza kwenye Vita vya Handaki vya mwaka 627, Madina ilipolindwa kwa shimo refu lililochimbwa kwa ushauri wa Salman al-Farisi. Lile lilikuwa la vita kwelikweli, tena halikuwa na maji.

Neno la Waingereza, "moat", nalo lina vituko. Asili yake ni Kifaransa cha kale, na maana yake ya kwanza ilikuwa kilima cha udongo cha kujengea ngome. Kilima na shimo huzaliwa pamoja, maana udongo wa kimoja unatoka kwenye kingine, basi taratibu jina likateremka kutoka kilimani likatumbukia shimoni.

Huyo kabaila alikuwa nani? Alimiliki watu?

Alimiliki ardhi, na kupitia ardhi akawashika watu. Baada ya William, mtawala wa Normandia kule Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, nchi iligawanywa katika milki, kila milki na bwana wake, na mwaka 1086 mfalme akaagiza ziandikwe zote kwenye daftari kubwa ambalo lipo mpaka leo. Ndani ya milki kulikuwa na shamba la bwana mwenyewe na vishamba vya wanakijiji. Wengi wa wanakijiji walikuwa watwana. Hawakuuzwa sokoni mmoja mmoja, lakini hawakuruhusiwa kuhama bila idhini, na siku kadhaa za kila wiki walilima, kupalilia na kuvuna shamba la bwana kabla ya kugusa lao.

Baba mtwana akimwoza binti yake alimlipa bwana. Akitaka kusaga nafaka, alipeleka kwenye kinu cha bwana na kuacha sehemu ya unga. Akifa, bwana alichukua mnyama wake bora kuliko wote, pengine kabla mjane hajamaliza kulia. Na kesi zote hizo ziliamuliwa katika ukumbi ule ule ng'ambo ya daraja. Fikiria wewe ni mtwana umeitwa kwenye baraza la bwana kujibu kwa nini ng'ombe wako ameonekana kwenye ngano yake. Unafika ukingoni, unayaona maji, unapita kwenye daraja jembamba huku mlinzi anakutazama. Kufikia mlangoni umeshakuwa mdogo.

Kumbe! Basi kama si vita, mahandaki yalichimbwa kwa ajili ya nini?

Hapa ndipo ninapopenda. Sababu zilikuwa nyingi na ziliishi pamoja, lakini ukinibana nitaje moja, nitasema heshima. Handaki lilisema "hapa pana mtu" kabla mtu mwenyewe hajatokea.

Angalia sheria ilivyokuwa. Ukitaka kuweka juu ya ukuta wako yale meno ya ngome, ilitakiwa uombe kibali cha mfalme, na kibali chenyewe kilikuwa alama ya cheo chako. Kuchimba handaki kulikuwa hakudai kibali. Kwa hiyo mkulima huru aliyefanikiwa, mfanyabiashara wa sufu, padri wa parokia tajiri, wote waliweza kujipatia kipande cha ukabaila kwa jembe na jasho, hasa jasho la wengine. Ndiyo maana Suffolk na Essex unakuta parokia moja ina mahandaki manne, matano, mengine ya watu ambao hawakuwa mabwana wa chochote. Bwana mkubwa kachimba, na jirani naye hakubali kupitwa. Sisi tunaoona mageti ya chuma yenye simba wa dhahabu yakiota kwenye viwanja vya futi hamsini kwa hamsini hatuna haja ya kuelezwa zaidi.

Mfano ninaoupenda ni wa Laurence wa Ludlow. Huyu alikuwa mwuza sufu, mtu wa biashara tupu, tajiri kiasi cha kumkopesha mfalme. Alinunua eneo la Stokesay, Shropshire, mwaka 1281, na mwaka 1291 akapata kibali cha kuimarisha nyumba yake. Akaweka mnara, ukumbi, na handaki ambalo leo ni kavu na limejaa nyasi na maua. Lakini ukizunguka nyuma ya ukumbi unaona madirisha makubwa, mapana, yanayotazama bondeni. Nani anayeogopa adui akaweka dirisha la ukubwa ule? Laurence hakuifaidi sana: alikufa maji mwaka 1294, meli yenye shehena ya sufu ilipozama.

Tamaa ya kuonekana haikuwa ya Waingereza peke yao. Miongo ileile ambayo Kent na Suffolk walikuwa wanachimba, kule Kilwa Sultani al-Hasan ibn Sulaiman alikuwa anaiinua Husuni Kubwa juu ya mwamba, na birika lake la pembe nane. Ingewekwa tu mezani picha ya kila mmoja, naamini wangeelewana bila mkalimani.

Baada ya heshima zinakuja faida za kila siku. Wezi na majambazi walikuwepo, na mwizi anayevuka maji ya baridi usiku akiwa na kondoo begani hafiki mbali. Wanyama wa porini na mifugo ya watu hawakuingia bustanini. Moto ukitokea, na nyumba zilikuwa za mbao na nyasi, maji yako hatua kumi. Kwenye ardhi tope, handaki lilikausha kisiwa. Na ndani ya maji kulikuwa na kitoweo.

Kulikuwa na mamba?

Shangazi, hapakuwa na mamba. Mamba angekufa kwa baridi kabla ya Novemba kuisha.

Kwa nini yamejaa mashariki na katikati, na si nchi nzima?

Udongo. Ardhi ya Suffolk, Essex, Norfolk, Cambridgeshire, na kule Warwickshire na Worcestershire, ni mfinyanzi mzito ulioachwa na barafu au wa asili. Chimba shimo kwenye mfinyanzi na mvua italijaza yenyewe. Maji hayana pa kwenda. Chimba shimo hilohilo kwenye vilima vya chokaa vya kusini na kesho yake utakuta limekauka. Kwenye mfinyanzi mzuri hukuhitaji hata mto. Waliokuwa na kijito karibu walikiingiza upande mmoja na kukitoa upande wa pili, hapo maji yakawa safi zaidi.

Sababu ya pili ni watu. Kati ya karne ya 11 na mwaka 1300 idadi ya Waingereza iliongezeka mara mbili au zaidi, na misitu ya mfinyanzi ambayo zamani watu waliikwepa ikaanza kufyekwa. Aliyefyeka alijenga kwenye shamba lake jipya, mbali na kijiji na mbali na kanisa. Kuwa peke yako msituni kunahitaji uzio, na uzio wa bei nafuu kwenye mfinyanzi ni maji. Huko Arden, Warwickshire, mengi yalianza hivyo.

Ilichukua muda gani kuchimba?

Tupige hesabu ya mkono. Kisiwa cha mita 50 kwa 50, handaki la upana wa mita 8 juu, linapungua kwenda chini, kina mita 2. Mzunguko unakuja kama mita 230, na udongo karibu mita za ujazo 2,800. Mfinyanzi uliolowa una uzito wa tani 2 hivi kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo ni tani 5,500 na ushee, zaidi ya safari 500 za lori la tani 10. Wao hawakuwa na lori. Walikuwa na sepeto la mbao lenye ncha ya chuma, vikapu na mikokoteni.

Tuseme mtu mmoja anachimba na kubeba mita 2 za ujazo kwa siku, na hapo simwonei. Wanaume ishirini wangemaliza kwa wiki kumi na mbili, wakipumzika Jumapili tu. Kwa kabaila mwenye watwana ilikuwa kazi ya msimu mmoja mkavu. Wengine waliajiri wachimbaji wa kulipwa, na vitabu vya hesabu vya milki vina malipo ya wachimba mahandaki yameandikwa kwa Kilatini, peni kwa peni.

Na kazi haikwisha hapo. Majani yanaanguka, kingo zinamomonyoka, tope linapanda. Kila baada ya miaka kadhaa handaki lilipakuliwa, na lile tope jeusi likapelekwa shambani kama mbolea.

Maji hayakunuka?

Yalinuka. Vyoo vya nyumba nyingi vilikuwa vyumba vidogo vilivyotokeza ukutani, shimo likielekea moja kwa moja majini. Pale penye kijito kinachopita, uchafu ulichukuliwa. Pale pasipo na mkondo, kiangazi kilikuwa kirefu.

Jambo la kushangaza ni kwamba samaki walikuwa humohumo, au kwenye mabwawa yaliyounganishwa na handaki. Kanisa lilikataza nyama siku za Ijumaa, Kwaresima nzima, na siku nyingine nyingi, kiasi kwamba nyumba kubwa bila samaki ilikuwa na njaa karibu theluthi ya mwaka. Pwani ilikuwa mbali na samaki wa chumvi walichosha. Samaki hai wa maji baridi, mikunga na wenzao, walikuwa chakula cha fahari. Mgeni alijua umemheshimu. Waliofuga kwa uangalifu walitenga bwawa la samaki na njia ya choo. Sio wote waliofuga kwa uangalifu.

Daraja lilikuwa linainuliwa kama kwenye sinema?

Kwenye nyumba nyingi, halikuinuliwa. Lilikuwa daraja la mbao la kawaida, na pengine baadaye likafukiwa likawa njia ya udongo. Lakini yapo ya kuinuliwa. Helmingham Hall, Suffolk, ina madaraja mawili, na ukoo wa Tollemache wanasema huyainua kila usiku tangu 1510.

Kuna handaki lililowahi kuokoa maisha ya mtu?

Lipo moja ninalolijua vizuri, na liliokoa kwa namna ambayo aliyelichimba hakuifikiria. Ni Baddesley Clinton, Warwickshire.

Ilikuwa Oktoba 1591, enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza. Ukatoliki ulikuwa marufuku na padri wa Kijesuiti akikamatwa alihesabiwa msaliti wa nchi. Nyumba ile ilikuwa imekodiwa na akina dada wawili wa ukoo wa Vaux, Wakatoliki wa siri, na siku hizo mapadri kadhaa walikuwa wamekutana humo, akiwemo Henry Garnet, mkuu wa Wajesuiti nchini. Alfajiri, misa ikianza, mlango ukagongwa kwa vishindo. Watumishi wakawachelewesha wapekuzi kwa maneno huku ndani watu wanavua mavazi ya ibada, wanaficha vitabu, wanageuza magodoro ili yasikutwe na joto la miili.

Mapadri waliteremka kupitia shimo la choo cha zamani hadi kwenye mfereji uliokuwa ukipeleka uchafu handakini. Mfereji ule ulikuwa umebadilishwa kuwa maficho. Wakasimama humo gizani, wamejikunyata, maji ya handaki yakiwafika vifundoni, kwa saa nne. Juu yao walisikia mbao zikigongwa. Wapekuzi hawakuwapata, na wakaondoka.

Maficho ya aina hiyo yanahusishwa na Nicholas Owen, fundi seremala mfupi aliyetembea na mapadri akijenga vyumba vya siri usiku. Alikufa kwa mateso gerezani London mwaka 1606, mwaka uleule Garnet alipouawa, na mwaka 1970 Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu. Mfereji bado upo. Ukiwa ndani ya nyumba unauona kupitia kioo sakafuni, na nakushauri uangalie kwa dakika nzima, maana ukipita haraka utaona tundu tu.

Ilikuwaje sehemu kubwa ikaachwa?

Mvua kwanza. Kati ya 1315 na 1317 ilinyesha hadi mazao yakaoza, na njaa kubwa ikaua wengi. Kisha mwaka 1348 Tauni Nyeusi ikaingia, na kati ya theluthi na nusu ya watu wakafa katika miaka michache. Waliobaki wakagundua kwamba mikono yao imekuwa ghali. Kabaila aliyezoea kazi ya bure alianza kulipa, kisha akaanza kukodisha shamba, kisha akahamia kwenye milki yake nyingine iliyo bora. Nyumba ikaozea kisiwani. Mbao nzuri zilibebwa na majirani usiku, na pengine mchana pia.

Waliobaki nazo walibadilisha mtindo. Karne ya 15 na ya 16 handaki likawa pambo la bustani. Baadaye, watu walipoanza kuamini kwamba maji yaliyosimama huleta homa, na kupenda mbuga pana zisizo na mipaka, mengi yakafukiwa. Handaki la maaskofu kule Fulham, London, lenye mzunguko wa maili moja hivi, lilifukiwa kuanzia 1921.

Nikija Uingereza nitembelee ipi?

Kama una siku moja na unataka ile picha ya kukata pumzi, nenda Ightham Mote, Kent. Ilianza kujengwa karibu mwaka 1330, ina vyumba kama 70 vinavyozunguka ua, na kuta zinatoka moja kwa moja majini bila hata ukingo wa kukanyaga. Ilinusurika kwa bahati. Mmarekani mmoja kutoka Maine, Charles Henry Robinson, aliiona ujanani akiwa kwenye baiskeli, hakuisahau, na mwaka 1953 akainunua. Alipofariki mwaka 1985 aliiachia National Trust, shirika linalotunza majumba ya namna hii. Ukarabati uliofuata uligharimu paundi milioni 10 na ukaisha 2004. Uani kuna banda la mbwa la karne ya 19 lililo kwenye ngazi ya juu kabisa ya majengo yanayolindwa na serikali. Nchi ambayo banda la mbwa haliruhusiwi kuguswa, nami mwenyewe nasumbuliwa na kodi ya chumba.

Ukiwa London bila gari, panda treni hadi Eltham. Kasri la Eltham lilikuwa makazi ya wafalme tangu Edward wa Pili, na unaingia kwa daraja la mawe la karne ya 15 juu ya handaki lenye maji nusu na bustani nusu. Ndani utakuta ukumbi wa Edward wa Nne umegandishwa kwenye nyumba ya kisasa ya miaka ya 1930. Mchanganyiko huo unawaudhi wengine. Mimi nauona mzuri.

Oxburgh Hall, Norfolk, ni ya matofali, kibali chake ni cha 1482 na ukoo wa Bedingfeld bado wapo. Mwaka 2020 mafundi walipokuwa wanatengeneza paa, chini ya mbao za sakafu walikuta viota vya panya vya karne kadhaa. Panya walikuwa wametandika kwa vipande vya hariri na karatasi za muziki za karne ya 16. Pamoja navyo kulikuwa na ukurasa wa zaburi wa karne ya 15 wenye rangi na dhahabu, na sanduku tupu la chokoleti la wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Aliyekula zile chokoleti na kuficha sanduku hajajulikana, na moyo wangu uko pamoja naye.

Nitalitambuaje handaki ambalo halina nyumba?

Anza na ramani. Shirika la ramani la Uingereza, Ordnance Survey, huandika mambo ya kale kwa herufi za kizamani zenye ncha, kwa hiyo macho yatakuvutia yenyewe. Orodha ya maeneo ya kale yanayolindwa ya Historic England, taasisi ya serikali ya mambo ya kale, inapatikana mtandaoni bure. Zipo pia picha za lida, kipimo cha miale ya leza kutoka kwenye ndege kinachoifuta miti na kuonyesha ardhi tupu. Handaki linatokea kama fremu ya picha iliyoangushwa shambani.

Halafu nenda kwa miguu, wakati wa baridi, majani yakiwa chini. Nchi hii ina njia za umma zinazokatiza mashamba ya watu, na mwenye shamba hawezi kukufukuza ukiwa ndani ya njia. Februari iliyopita nilifuata moja pembeni ya shamba la ngano huko Suffolk. Kwa mbali niliona kichaka tu. Nilipokaribia, ardhi ikashuka ghafla: bonde lililonyooka kama limepigwa kwa rula, kisha likakata kona ya mraba. Maumbile hayapindi kona ya mraba. Chini kulikuwa na maji meusi yenye ganda jembamba la barafu, mti wa mwaloni umelala ndani, na ndege mweusi wa majini mwenye mdomo mwekundu anatembea juu ya barafu kwa wasiwasi. Upande wa pili, magugu yawashayo kama upupu yalikuwa yamesimama makavu hadi kifuani. Magugu hayo hupenda ardhi iliyorutubishwa na jikoni, mazizi na vyoo. Miaka 700 baadaye bado yanaonyesha walipoishi watu.

Wakichimba wanapata nini?

Vigae vya vyungu, vigae vya paa, mifupa, misumari. Lakini hazina yenyewe iko kwenye tope. Tope lililolowa wakati wote halina hewa, na pasipo hewa mbao na ngozi hazioi. Kwa hiyo zinatoka nyayo za viatu zenye matundu ya sindano, mabakuli ya mbao, kamba, mbegu za matunda waliyokula, na miguu ya daraja la mwaloni ambayo pete zake huhesabiwa hadi kuujua mwaka mti ulipokatwa. Ndiyo maana kulikausha handaki ni hasara kubwa kuliko kubomoa ukuta. Huko Writtle, Essex, nyumba ya mfalme John ya kuwindia, iliyojengwa karibu 1211, ilichimbuliwa kuanzia 1955 na ikatoa hadithi ya kisiwa kimoja kilichojengwa na kujengwa upya kwa vizazi.

Nikiokota sarafu ya dhahabu ni yangu?

Iache. Mahandaki mengi yanalindwa na sheria ya 1979, na kuingia na kifaa cha kutafutia vyuma bila kibali ni kosa la jinai. Hata kwenye shamba lisilolindwa, unahitaji ruhusa ya mwenye shamba, na hazina inayoangukia kwenye sheria ya 1996 lazima iripotiwe ndani ya siku 14. Usiwasumbue pia wale amfibia wenye mkia na upanga wa mgongoni wanaoishi kwenye mahandaki ya zamani. Nao wanalindwa, kuliko hata wapangaji.

Nina watoto wadogo. Hawatachoka na mashimo?

Kwenye mashimo ya nyasi watachoka, na watatumbukia. Wapeleke Wells, Somerset, kwenye kasri la askofu lililozungushiwa maji karne ya 14 na Askofu Ralph wa Shrewsbury. Karne ya 19 binti wa askofu mmoja aliwafundisha bata maji wa pale kupiga kengele wakitaka chakula. Kamba inaning'inia kutoka dirishani juu ya maji. Bata maji anakuja taratibu, mweupe, mwenye maringo, anaivuta kwa mdomo, kengele inalia, dirisha linafunguliwa, mkate unashuka.